PIKAPU ILIYOLALA: KILOMITA CHACHE SI UJANA

Nakawa imekaa baina ya vilima viwili ambavyo wasomaji wetu wengi wanavijua vema. Upande mmoja ni Naguru, yalipo Makao Makuu ya Polisi. Upande wa pili ni Mbuya, yalipo makao ya Wizara ya Ulinzi. Katikati hupita barabara ya Jinja, na kando ya barabara hiyo yamepangwa magari yaliyotumika, safu kwa safu, kama askari walio katika gwaride. Yameoshwa, tairi zake zimepakwa rangi nyeusi, na kila moja linamtazama mpita njia kana kwamba linamngojea yeye peke yake. Viwanja hivi wenyeji huviita bondi.

Asubuhi moja tulifika hapo pamoja na ndugu yetu, sajini aliyebakiza miezi michache tu kabla ya kuvua gwanda. Alikuwa amepiga hesabu ya kiinua mgongo chake, akaongeza na akiba aliyoiweka kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo, na shauri alilokuwa nalo lilikuwa moja: kununua pikapu, arudi kwao Luwero, alime mananasi na kuyaleta mwenyewe katika soko la Nakawa. Fedha yenyewe haikuwa fedha ya kuchezea. Mtumishi aliye kazini akikosea mwezi huu hutazamia mshahara wa mwezi ujao. Mstaafu akikosea, amekosea.

Hatukufika mbali. Dalali kijana mwenye maneno laini alimwona sajini kwa mwendo wake tu, akamwita kwa heshima, “Afande, karibu sana,” akatuongoza moja kwa moja hadi kwenye pikapu nyeupe aina ya Toyota Hilux, ya mwaka 2003, yenye injini ya dizeli ya lita 3.0. Akafungua mlango, akatuonyesha kwa kidole tarakimu zilizo mbele ya usukani. Zilisomeka kilomita 73,000.

“Tazama mwenyewe, Afande,” akasema. “Gari hili ni kama jipya. Limelala tu.”

Bei aliyoitaja ilikuwa shilingi milioni 36. Hatua ishirini kutoka hapo palikuwa na pikapu nyingine, ya aina ile ile na ya mwaka unaokaribiana, iliyotembea kilomita 240,000. Hiyo ilitajwa kwa milioni 29. Kwa hiyo jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa wazi. Sajini alikuwa akiombwa milioni saba za ziada kwa ajili ya tarakimu. Je, tarakimu hizo zilistahili fedha hiyo?

KILOMITA KUMI KWA SIKU

Kabla ya kugusa boneti tulichukua kalamu. Kilomita 73,000 zikigawanywa kwa miaka 20 ni kilomita 3,650 kwa mwaka, yaani kilomita kumi kwa siku. Na gari lenyewe lilikuwa limepita miaka ishirini. Kutoka Nakawa hadi katikati ya jiji la Kampala na kurudi ni kama kilomita kumi. Safari moja ya Jinja, kwenda na kurudi, ni kilomita 160, ambazo ni posho ya siku kumi na sita. Safari moja ya Gulu na kurudi hula zaidi ya miezi miwili.

Pikapu ni gari la kazi. Watu hawanunui pikapu ili waitazame. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pikapu imetembea kilomita kumi kwa siku kwa muda wa miaka ishirini, mambo mawili tu yawezekana: ama tarakimu zinasema uongo, ama zinasema kweli na gari lilikuwa limesimama. La kwanza ni hatari, na kila mtu analiogopa. La pili pia ni hatari, lakini watu huliita bahati. Makala yetu ya leo yanahusu zaidi hilo la pili, maana ndilo linalowaponyoka hata watu wenye macho.

Yafaa pia kukumbuka sheria. Tangu mwaka 2018 Uganda imekataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe, isipokuwa aina chache zilizotajwa katika sheria. Jirani zetu wa Kenya huweka mpaka mkali zaidi, wa miaka minane. Maana yake ni kwamba pikapu ya 2003 inayouzwa Nakawa leo haikushuka melini juzi. Ilikuwa hapa hapa nchini. Imepita katika barabara zetu, vumbi letu, mafuta yetu na mikono ya mafundi wetu. Kwa sababu hiyo historia yake haiko Japani; iko hapa, na mtu akitaka kuitafuta ataipata. Muuzaji akikuambia kwamba gari la umri huo “limetoka Japani mwezi uliopita,” una haki ya kuaga.

TARAKIMU ZINAVYODANGANYA

Njia za kudanganya ni nyingi, na si zote zinahitaji mwizi.

Ya kwanza ni mita za kale zenye tarakimu tano tu. Zikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri na kuanza upya. Gari la namna hiyo likionyesha 73,000 laweza kuwa limetembea 173,000 au 273,000, na hakuna aliyegusa kitu. Ya pili ni maili. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Uingereza huhesabu maili, na maili 73,000 ni zaidi ya kilomita 117,000. Ya tatu ni waya wa mita. Wasomaji wetu waliowahi kufanya kazi katika gereji za vikosi wanaijua vema: dereva huuchomoa waya ili safari zake za siri zisiandikwe, na gari likatembea mwezi mzima huku mita ikisinzia. Ya nne ni kurudisha tarakimu nyuma kwa mkono, na katika magari mapya zaidi, kwa kompyuta, kazi ya dakika chache.

Kwa hiyo yatupasa kuuliza mashahidi wengine, wale wasioweza kurudishwa nyuma kwa urahisi. Shahidi wa kwanza ni pedali. Mpira wa pedali ya breki na ya klachi hulika kwa mguu wa dereva. Gari la kilomita 73,000 haliwezi kuwa na pedali zilizong'aa hadi chuma. Lakini pedali mpya kabisa katika gari kuukuu nazo zinauliza swali. Shahidi wa pili ni kiti cha dereva, hasa ukingo wa upande wa mlango, mahali anaposuguana nacho kila apandapo na kushuka. Wa tatu ni usukani na kichwa cha gia. Wa nne ni bodi ya mizigo: sakafu yake hukwaruzwa na magunia, matofali na mabati, wala rangi mpya haifichi mabonde.

Shahidi wa tano ni tairi. Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 1812 maana yake ni juma la 18 la mwaka 2012. Shahidi wa mwisho, na mkubwa kuliko wote, ni karatasi: kitabu cha matengenezo, kadi za kubadilisha oili, risiti za vipuri. Gari lisilo na karatasi hata moja lina kilomita zile tu ambazo muuzaji amependa kukuambia.

Fundi tuliyekuja naye alikuwa mtu mzima asiyependa maneno mengi. Kwa muda wa saa nzima hakumsikiliza dalali, wala hakumbishia. Alilala chini ya gari kwa tochi, akainuka, akafuta mikono, akasema: “Tarakimu ni za kweli.”

Dalali akatabasamu. Sajini naye akatabasamu. Fundi peke yake hakutabasamu.

UGONJWA WA KULALA

Alitufunulia kitabu cha matengenezo. Pikapu ile ilikuwa mali ya taasisi moja tangu ilipokuwa mpya. Mihuri ilifuatana vizuri, mwaka baada ya mwaka, hadi 2013, ambapo gari lilikuwa na kilomita 68,000. Kisha kurasa zikanyamaza. Karatasi iliyofuata ilikuwa kadi ya kubadilisha oili ya mwaka 2022, yenye kilomita 71,500. Kwa miaka tisa gari lilikuwa limetembea kilomita 3,500 tu. Tairi zilithibitisha habari hiyo: meno yake yalikuwa marefu, lakini mwaka wake ulikuwa 2012, na ubavuni palikuwa na nyufa ndogo ndogo kama za ardhi ya kiangazi.

Hapo ndipo tulipolielewa neno la dalali. Gari lilikuwa limelala kweli.

Msomaji atauliza: kuna ubaya gani? Je, kitu kisichotumika si ndicho kinachodumu? La hasha. Gari si kitambaa cha kuwekwa sandukuni. Linafanana zaidi na bunduki. Kila askari anajua kwamba bunduki inayopigwa na kusafishwa kila juma huweza kumzika mwenyewe, ilhali bunduki iliyofungiwa ghalani miaka tisa bila mafuta hutoka na kutu ndani ya mtutu, hata kama haikupiga risasi mia. Idadi ya risasi si kipimo cha afya yake. Vivyo hivyo kilomita.

Tuyatazame mambo yenyewe moja moja.

Mpira huzeeka kwa miaka hata usipofanya kazi. Mabomba ya rejeta, mabomba ya breki, mikanda, na zile sili zinazozuia oili isivuje, vyote hukauka na kupasuka. Injini ya Hilux ile huendesha vali zake kwa mkanda wa taimingi wa mpira. Mkanda huo una idadi ya kilomita za kubadilishwa, lakini pia una umri. Katika kitabu hatukuona mahali popote palipoandikwa kwamba umebadilishwa. Mkanda wa namna hiyo ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali, na mwenye gari hununua injini mara ya pili.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Katika mji kama Kampala, ulio karibu na ziwa na wenye mvua misimu miwili, hunyonya haraka. Maji hayo hutia kutu silinda za breki kwa ndani, mahali pasipoonekana. Pedali itakuwa imara leo, hapa uwanjani. Siku ya mteremko na mzigo wa tani moja, itazama.

Tangi la dizeli likiachwa nusu tupu hutoa jasho kwa ndani. Maji hukaa chini, na mahali maji yanapokutana na dizeli huota utelezi wa vidudu. Utelezi huo huziba chujio, na ukipita hufika kwenye pampu na nozeli, vitu ambavyo bei yake humfanya mtu azima simu. Sahani ya klachi huweza kugandamana na gurudumu la injini. Rejeta huoza ikiwa maji yake yalikuwa ya bomba tu, bila dawa ya kuzuia kutu. Panya nao hawakosi. Hupenda sana kujenga chini ya boneti na kutafuna nyaya.

Tena, upo udanganyifu mmoja wa kimya. Gari lililolala likiamshwa huendesha vizuri siku za kwanza. Sili kavu hazivuji siku ya kwanza; huvuja baada ya kupashwa moto na kupoa mara nyingi. Kwa hiyo mnunuzi hujaribu gari, hulipenda, hulipa, na kisha katika miezi mitatu ya mwanzo vitu hufuatana kuharibika, kimoja baada ya kingine. Wala muuzaji si lazima awe alikuficha kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

JINSI YA KUKAGUA

Katika kukagua, yafaa mnunuzi afuate utaratibu kama ule wa lindo, asiruke kituo.

Kwanza, afike asubuhi, bila kutoa taarifa, na aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, injini imekwisha kuwashwa kabla hajafika, na ugumu wa kuwaka umefichwa. Injini na iwashwe ikiwa baridi, mbele yake. Moshi wa eksosi ni lugha: mweusi ni dizeli isiyochomwa sawasawa, pengine nozeli, wa samawati ni oili inayoungua, mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huenda ukawa maji yanaingia mahali pasipo pake. Afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma. Pumzi nzito inayotoka hapo kwa nguvu ni dalili ya pistoni zilizochoka.

Pili, aingie chini. Fremu ndiyo uti wa mgongo wa pikapu, na kutu hupendelea sehemu za nyuma, karibu na springi, ambapo tope hujikusanya. Agonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hutoa sauti ya kopo bovu. Atafute alama za kuchomelea. Mafundi wa Katwe ni hodari, na kiraka chao chaweza kupakwa rangi kikapendeza; lakini fremu iliyochomelewa ni gari jingine, na bei yake ni bei nyingine.

Tatu, ajaribu gari mlimani. Nakawa haina shida hiyo: kilima cha Naguru kipo hapo hapo. Apande nacho kwa gia ya tatu, asikilize. Kisha ateremke na ajaribu breki mara kadhaa kwa mfululizo. Anayejaribu gari kwa kuzunguka uwanja wa bondi tu amejaribu redio na taa.

Nne, asome namba ya chasi iliyopigwa kwenye chuma cha fremu, ailinganishe na kibati kilicho ndani ya boneti na kile kilichoandikwa katika kadi ya gari. Herufi zisizo na mstari mmoja, au mahali palipokwaruzwa na kupakwa rangi, ni sababu ya kuondoka. Kisha aende katika ofisi ya kusajili magari, ahakikishe nani ndiye mwenye gari hasa, na kama halina deni lililofungamana nalo. Hili ni la lazima kwa kila raia, lakini kwa polisi na askari lina uzito wa ziada. Mlinzi wa mali ya watu akikutwa anaendesha gari la wizi, maelezo yake, hata yakiwa ya kweli, hayatasikika kwa urahisi.

Na hapa tungependa kusema jambo moja kwa uwazi. Gwanda halikagui gari. Wapo wanaodhani kwamba dalali hatathubutu kumdanganya mtu wa jeshi. Dalali anajua zaidi: anajua kwamba Afande ana siku mbili tu za ruhusa, kwamba posho yake ya Somalia imeingia benki, na kwamba haoni vizuri kurudi kambini mikono mitupu baada ya kuwatangazia wenzake. Haraka hiyo ndiyo anayoiuzia. Aliye na haraka na aende bila fedha. Aliye na fedha na aende bila haraka, akifuatana na fundi wake mwenyewe, wala si fundi anayeletwa na bondi.

SIFA YA JINA

Yatupasa pia kusema neno juu ya jina la gari, kwa kuwa sehemu ya bei ni jina. Mwaka 1987, majeshi ya Chad yaliyafukuza majeshi ya Libya kutoka kaskazini ya nchi hiyo, yakipigana juu ya pikapu nyepesi zilizokuwa zikizunguka vifaru jangwani kwa kasi. Hata leo vita hivyo vinaitwa Vita vya Toyota. Hapa kwetu pikapu za zamani za dizeli zinapendwa kwa sababu nyingine, iliyo ya kila siku: hazina kompyuta nyingi, fundi wa kijiji huweza kuzifungua, na vipuri vyake hupatikana katika soko la Kisekka bila kuagiza ng'ambo. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini sifa ya kikosi si sifa ya kila askari aliyemo ndani yake. Jina linakuambia kwamba gari hili lingeweza kudumu. Halikuambii kama limetunzwa.

HESABU YA SAJINI

Tulikaa chini ya mti, mbali kidogo na dalali, tukapiga hesabu. Fundi alitaja yaliyo ya lazima kabla gari halijabeba nanasi hata moja: tairi tano, mkanda wa taimingi na vinavyoambatana nao, silinda na mafuta ya breki, mabomba yote ya mpira, kusafisha tangi na kubadilisha machujio, betri. Kwa bei za siku ile jumla yake ilikaribia milioni tano. Kwa hiyo pikapu ya milioni 36 ilikuwa kwa kweli ya milioni 41.

Kisha tukauliza swali la pili, ambalo wanunuzi wengi husahau: gari litafanya kazi gani? Kutoka Luwero hadi Nakawa na kurudi ni kama kilomita 130. Sajini alikusudia safari tatu kwa juma. Hizo ni kilomita 390 kwa juma, na kwa mwaka zaidi ya 20,000. Basi katika miaka minne tu angetembea kuliko gari lile lilivyotembea tangu lizaliwe. Zile kilomita chache alizokuwa akiombwa kuzilipia milioni saba zingekwisha kabla mtoto wake wa mwisho hajamaliza sekondari. Bali miaka ya gari isingepungua hata siku moja.

Je, ilikuwa afadhali achukue ile ya kilomita 240,000? Fundi aliikagua pia. Ilikuwa ikifanya kazi kila siku, tairi zake zilikuwa za mwaka juzi, breki zilikuwa safi. Lakini ilitoa moshi wa samawati, na fremu yake ilikuwa na kiraka kirefu upande wa kushoto. Hiyo nayo aliikataa. Kazi nyingi si sifa kwa nafsi yake, kama vile kulala si sifa.

Shauri la fundi lilikuwa hili. Pikapu nyeupe ina fremu nzima, injini isiyochoka, na karatasi zinazosema kweli. Vitu hivyo vitatu ni vigumu kununuliwa popote. Yaliyoharibika ni yale yanayobadilika kwa fedha. Kwa hiyo inafaa kununuliwa, lakini kwa bei ya gari la zamani linalohitaji milioni tano, wala si kwa bei ya gari “kama jipya.” Sajini akarudi kwa dalali, akataja milioni 30. Dalali akacheka kwa adabu. Sajini akashukuru, akaaga, nasi tukaondoka.

Kuondoka huko kulimchoma. Tulimwona akigeuka mara mbili kutazama nyuma. Tunasema hivi kwa kuwa ndipo mahali ambapo fedha nyingi hupotea: si katika ujinga wa magari, bali katika zile hatua ishirini za kuelekea langoni. Baada ya siku kumi na moja dalali alipiga simu mwenyewe. Wakaafikiana kwa milioni 30 na laki tano.

NENO KWA WALIO MBALI

Kabla hatujamaliza, tuwakumbuke wasomaji wetu ambao tayari wana magari, nao wamepangiwa kazi mbali kwa mwaka mzima au zaidi. Gari unaloliacha nyumbani ndilo pikapu iliyolala ya kesho. Usiliache na tangi nusu, lijaze. Chomoa betri. Ongeza upepo wa tairi. Umwachie ndugu mwaminifu ufunguo, si ili aliwashe dakika mbili na kulizima, maana hilo huongeza maji ndani ya injini na eksosi, bali alitembeze nusu saa nzima walau mara mbili kwa mwezi, breki na gia zifanye kazi. Na aandike katika daftari. Siku utakapoliuza, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko polishi yoyote.

Sajini sasa ni mkulima. Katika mwezi wa pili wa kazi, rejeta ilipasuka karibu na Bombo, gari likiwa na shehena, jambo ambalo hata fundi hakulitabiri. Alilala njiani usiku mmoja, na sehemu ya mananasi ikaharibika. Tulipomwuliza kama anajuta, alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hajuti. Ila alituomba tuwaambie wenzake waliobaki kazini jambo moja. Asubuhi ile ya Bombo alinunua rejeta nyingine kwa fedha taslimu, akaendelea na safari. Fedha hiyo ilitoka katika zile milioni tano na nusu ambazo hakumpa dalali kwa ajili ya tarakimu.